Mtoto amekwama kusoma: dalili, chanzo na la kufanya, Darasa la Kwanza hadi la Nne

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, hazibadiliki sauti, na mtoto akishamudu silabi anaweza kulisoma neno lolote hata kama hajawahi kulisikia. Kwa hiyo mtoto wa Darasa la Tatu anayekwama kwenye aya ya mistari minne, mara nyingi tatizo lake si la Darasa la Tatu. Kuna kitu cha Darasa la Kwanza au la Pili kilichompita, na madarasa yameendelea kupanda bila mtu kukirudia. Kumpa aya ileile kila siku kwa sauti ya ukali zaidi hakutakirudisha. Shuka naye ngazi moja moja mpaka ufike mahali anaposoma bila kosa, halafu mpande pamoja kuanzia hapo.

Yafuatayo yamelengwa kwa mwalimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) katika shule inayofundisha kwa Kiswahili, lakini mzazi mwenye penseli na karatasi mbili anaweza kuyafanya nyumbani.

Pima kwanza

Mwite mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake. Wanaosubiri zamu wakisikia, watakariri, na kipimo chote kitakuwa cha kumbukumbu. Andaa karatasi moja kwa mkono, maandishi makubwa yenye herufi zilizoachana:

Silabi, mistari minne:
ma, lu, ki, te, bo
se, du, na, pi, ze
mbe, nyo, shu, kwa, ngo
cha, mwi, ndi, tha, vyo

Maneno kumi:
kuku, meza, safari, lemu, pite, sudoka, ndizi, kichwa, nyundo, jangwa

Hadithi fupi:
Neema alikwenda kisimani. Alibeba ndoo ndogo ya bluu. Njiani alikutana na mbwa. Alishtuka, ndoo ikaanguka ikapasuka. Alirudi nyumbani bila maji huku akilia.

Maswali: Neema alikwenda wapi? Alikutana na nani? Kwa nini ndoo ilianguka? Unadhani mama yake alimwambia nini?

Maneno matatu ya katikati, lemu, pite na sudoka, hayana maana, na yamewekwa makusudi. Mtoto anayekisia kwa kutazama herufi ya kwanza atasoma "limau" au "pete". Mtoto anayesoma kweli atayatamka bila shida.

Mtoto akikaa kimya sekunde 3, mwambie aende kwenye inayofuata. Akikosa mstari mzima wa kwanza, mwachie hapo, usimtese. Jambo kubwa ni kuandika *alichosema*, si alama ya vema au kosa tu. Aliyesoma "mti" kama "muti" na aliyeusoma kama "ti" wote wamekosa, lakini dawa zao ni mbili tofauti.

Malizia kwa kumsomea wewe hadithi nyingine ya urefu kama huo, kisha umuulize maswali ya aina ileile. Walimu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayofichua mengi. Mtoto anayeelewa akisomewa lakini haelewi akisoma mwenyewe, shida yake iko kwenye kusoma. Asiyeelewa hata akisomewa, shida yake ni lugha. Silabi hazitamsaidia huyo.

Kabla ya kulaumu mbinu: macho, masikio, mahudhurio

Chora herufi E ya urefu wa sentimita 2 kwenye kadi, msimamishe mtoto mita 6, igeuze kulia, kushoto, juu na chini, naye aonyeshe kwa kidole meno yameelekea wapi. Jicho moja lifunikwe kwa kiganja, kisha la pili. Hapa hahitaji kujua kusoma. Akishindwa mita 6 na kuweza mita 3, mhamishie dawati la mbele leo, na mzazi ampeleke kituo cha afya kupimwa macho.

Kwa masikio, simama nyuma yake hatua tatu au nne, sema kwa sauti ya chini jozi kama *pata, bata* na *kaa, gaa*, ayarudie. Usaha unaotoka sikioni ni wa kupeleka zahanati, usisubiri mwisho wa muhula.

Halafu fungua daftari la mahudhurio na azimio la kazi (mpango wa masomo ya kila wiki) uviweke pamoja. Tafuta wiki ambazo mtoto hakuja, uone herufi gani zilifundishwa wiki hizo. Mara nyingi utakuta ndizo hizohizo anazokosea. Mtoto wa namna hii hana ugumu wa kujifunza, hakuwapo. Masomo manne au matano ya kufidia yanaweza kutosha.

Dalili: anasoma ukurasa mzima huku akitazama dirishani

Ukimwonyesha neno moja katikati ya mstari, anaanza kichwani tangu mwanzo wa mstari mpaka alifikie. Ukiziba picha, ananyamaza.

Chanzo ni kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anasoma, darasa zima linarudia, siku baada ya siku, na chati ya ukutani imepangwa *ba be bi bo bu, da de di do du* bila kubadilika. Mtoto hujifunza wimbo. Chati hizo hupendeza machoni mwa mthibiti ubora (mkaguzi wa shule), lakini ikishatumika wiki mbili kwa mpangilio uleule haimfundishi tena mtu kitu.

Vuruga mpangilio. Soma chati kutoka chini kwenda juu, kutoka kulia, kisha kwa kurukaruka. Andika silabi kwenye kadi za boksi, sentimita 10 kwa 15, herufi zenyewe zisipungue sentimita 5 ili wa nyuma waone, na uzichanganye kila siku kabla ya kipindi. Kwenye kitabu, funika picha mpaka aya isomwe.

Kuitikia kwa pamoja kusifutwe kabisa, maana kunampa ujasiri mtoto mwoga. Kupunguzwe tu: mwalimu asome mara moja, darasa zima mara moja, safu moja moja, kisha mtoto mmoja mmoja. Anayesuasua asiwe wa kwanza kuitwa, na asiwe wa mwisho pia, kwa sababu wa mwisho amekwisha kuwasikia wote.

Dalili: herufi zote anazijua, lakini "b" na "a" hazimpi "ba"

Anasema "be... a... bea". Amefundishwa majina ya herufi (a, be, che, de) kabla ya sauti zake. Jina "be" lina irabu ndani yake, na mtoto anaibeba irabu hiyo kwenye silabi.

Kosa linalofanana nalo ni la mwalimu anayetaja sauti lakini huiongezea mkia: "bu", "ku", "mu". Mtoto akiunganisha "mu" na "a" anapata "mua", na ana haki.

Nenda hivi:

1. Anza bila maandishi. Sema "mmm... aaa", aunganishe kwa mdomo: "ma". Fanya hivyo kwa silabi kama kumi kabla ya kugusa chaki. Asiyeweza kuunganisha kwa masikio hataweza kwa macho.
2. Ingia kwenye maandishi kwa konsonanti zinazovutika: m, n, s, l, f, z. Unaweza kushikilia "sss" mpaka irabu ifike. Herufi b, d, k, t, p hukatika papo hapo, hazishikiki, na kwa mtoto aliyekwama ndizo ngumu kuunganisha. Vitabu hupishana mpangilio wa herufi. Kwa darasa zima fuata kitabu chenu, kwa aliyekwama fuata sauti zinazovutika.
3. Weka kidole chini ya m, shikilia sauti, telezesha mpaka a bila kukata pumzi. Kukata pumzi katikati ndiko kunakozaa "mua".
4. Akipata ma, me, mi, mo, mu, ongeza konsonanti moja tu, kisha unda maneno mara moja: mama, mimi, sasa, sema, sumu, lima, mali. Usisubiri amalize herufi zote ndipo aonje neno.

Usikae kwenye herufi mojamoja kuliko inavyohitajika. Watu hubishana sana kama Kiswahili kifundishwe kwa sauti au kwa silabi. Kwa mtoto aliyekwama, sauti ni daraja la kumvusha kwenda kwenye silabi. Akishavuka, msomeshe silabi nzima nzima, kwa sababu ndizo zinazojenga maneno ya Kiswahili.

Kuna mtoto mmoja wa kuangaliwa kwa jicho lake: aliyetoka chekechea ya Kiingereza. Huyu husoma "meza" kama "miza" na "kiti" kama "kaiti", maana kwake e ni "ii" na i ni "ai". Neno "wake" au "pole" linaweza kumtoka Kiingereza kabisa. Hana tatizo la kuunganisha. Mpe wiki moja ya irabu tano peke yake, kwa picha: *asali, embe, inzi, oga, ua*. Akishazitenganisha lugha mbili, makosa hayo hukoma kwa wingi, isipokuwa akiwa amechoka.

Dalili: anasoma vizuri mpaka akutane na konsonanti mbili

Mistari miwili ya kwanza ya silabi ameimaliza bila kosa, miwili ya mwisho imemshinda. Hapa ndipo watoto wengi wa Darasa la Pili hukwama, na hapa ndipo makosa yanahitaji kusomwa kwa makini, kwa kuwa kila moja lina chanzo chake.

*Anaruka konsonanti moja:* "dizi" badala ya ndizi, "goma" badala ya ngoma. Anajua silabi sahili tu na anachagua anayoijua. Hajafundishwa nd kama kitu kimoja.

*Anapachika irabu katikati:* "muti", "mutoto", "kuwanza" kwa kwanza. Vyanzo ni viwili. Kimoja ni lugha ya nyumbani: lugha nyingi za Kibantu zina *mu-* kamili mahali ambapo Kiswahili kina m peke yake. Kingine ni sisi walimu: kwa miezi sita tumemwambia kila silabi huishia na irabu, na sasa amekutana na m inayosimama peke yake kama silabi. Mwambie waziwazi kwamba m inaweza kusimama. Piga makofi: m-tu, makofi mawili. M-to-to, matatu. M-ti, mawili.

*Anasoma mb kila mara kwa namna moja.* Neno *mbuni* lina sura mbili. Ndege ni mbu-ni, makofi mawili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, makofi matatu. Maandishi hayatofautishi, maana ya sentensi ndiyo inayoamua. Kwa Darasa la Pili inatosha kujua kwamba m hujitenga kwenye maneno mafupi kama mbu na mbwa, na hushikana na b kwenye mbuzi, mboga na mbegu. Usiwape kanuni zaidi ya hiyo, wape maneno.

*Anachanganya ng na ng'.* Ng'ombe anakuwa "ngombe". Alama ndogo ya juu haionekani kwake, au kwenye kitabu kilichochakaa imefutika. Iandike ubaoni kwa chaki ya rangi siku za mwanzo. Fundisha *ng'ombe, ng'oa, ng'ambo* siku moja na *ngoma, ngazi, nguo* siku nyingine, kisha wiki inayofuata uzichanganye.

Mpangilio unaofaa kwa anayerudia, tangu rahisi: kwanza ch, sh, ny. Kisha mb, nd, nj, nz, ng. Halafu zile zenye w na y: kw, mw, bw, tw, vy, fy. Baada yake ng', dh, th, gh. Mwisho kabisa konsonanti tatu: mbw (mbweha), ngw (jangwa), nyw (nywele), ndw (pendwa), pamoja na chw (kichwa) na shw (rushwa). Kila mwambatano (konsonanti zinazoandikwa pamoja) upewe siku mbili: siku ya kwanza silabi zake na maneno manne au matano, siku ya pili maneno hayo ndani ya sentensi, pamoja na imla ya maneno matatu. Asipopata mawili kati ya matatu kwenye imla, usisonge mbele.

Silabi zisizo na neno zisikupotezee muda. Kumkazania mtoto "vyi" ilhali hatakutana nayo kitabuni ni kumchosha bure.

Dalili: b anaiita d, n anaiita u

Mpaka umri wa miaka saba hivi, hata minane, hili ni la kawaida, na halimaanishi akili yake ina kasoro. Kikombe kikigeuzwa bado ni kikombe. Herufi ndiyo kitu cha kwanza maishani mwake kinachobadilika jina kikigeuzwa. Tatizo hukuzwa pale b na d zinapofundishwa wiki moja. Zitenganishe kwa wiki tatu au zaidi, ya kwanza ikomae ndipo ya pili iingie. Mwandikishe hewani na kwenye mchanga: b huanza na mstari wa kushuka, d huanza na duara. Mkono hukumbuka kabla ya jicho.

Tazama pia maandishi ya kitabu. Baadhi ya vitabu huchapa a na g kwa sura tofauti na unayoandika ubaoni, na mtoto huzichukua kama herufi ngeni. Mwonyeshe sura zote mbili pamoja. Ni kazi ya dakika kumi.

Dalili: "karamu" kwa kalamu, "zahabu" kwa dhahabu

Kabla ya kusahihisha, jiulize kama hili ni kosa la kusoma hata kidogo. Sehemu nyingi lugha ya nyumbani haitenganishi l na r, wala haina dh, th na gh. Mtoto ameona herufi sahihi, amelijua neno sahihi, mdomo umetoa sauti ya kwao.

Kipimo: andika *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, *dhana* na *zana*, *shina* na *sina*. Muulize kila neno maana yake, au achague picha. Akitofautisha maana kwa macho, anasoma. Mwache amalize aya bila kumkatiza, na matamshi yapewe dakika zake mwanzoni mwa kipindi, kwa darasa zima. Akishindwa kutofautisha hata kwa macho, au kwenye imla akaandika "nimekura chakula", hapo ni kosa la kufundishwa kwa jozi kama hizo, jozi mbili kwa wiki.

Kumkatiza mtoto kila anaposema r kunamfunza jambo moja tu: kusoma kwa sauti ni hatari.

Dalili: anasoma kila neno, lakini silabi moja moja kama anayehesabu

"A-li-be-ba... n-doo... n-do-go." Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshapotea kichwani.

Pima kasi: asome kwa dakika moja aya asiyoijua, hesabu maneno aliyofikia, toa aliyokosea. Tanzania ilijiwekea kigezo cha maneno 50 kwa dakika mwishoni mwa Darasa la Pili, Kenya 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Tofauti hiyo isikushangaze: *hawatatusomea* ni neno moja lenye silabi saba. Usilinganishe namba za lugha mbili, na usimfukuzie mtoto kasi kama mbio za mchakamchaka. Kasi huja kwa kurudia.

Chanzo cha kawaida ni uchache wa kusoma kwenyewe. Kwenye darasa la watoto 90, anayesoma kwa zamu husoma sentensi moja kwa siku, na siku nyingine hafikiwi. Tumia wawili wawili: kila mmoja amsomee mwenzake, wote kwa wakati mmoja. Kelele itakuwapo, ni kelele ya kazi. Mpange aliyekwama na mwenzake aliyemzidi kidogo, si bingwa wa darasa. Bingwa atamnyang'anya maneno mdomoni.

Aya moja isomwe siku tatu. Siku ya kwanza mwalimu anaisoma kwa ufasaha, watoto wakifuata kwa kidole, kisha wawili wawili mara mbili. Siku ya pili wawili wawili tena, na watoto wachache mbele ya darasa. Siku ya tatu wape aya mpya uliyoitunga kwa maneno yaleyale yaliyopangwa upya, uone kama walisoma au walikariri.

Chanzo cha pili ni vitenzi, na hiki hakipewi uzito kinaostahili. Mtoto anasoma "anasoma" palipoandikwa *alisoma*, "watakuja" palipoandikwa *wamekuja*. Anaona mwanzo na mwisho wa neno, katikati anajaza. Tengeneza kadi 14: sita za nafsi (ni, u, a, tu, m, wa), nne za wakati (na, li, ta, me), na nne za vitendo (soma, cheza, lima, pika). Kadi hizo zinatoa maneno 96. Shika kadi mbili zisibadilike, badilisha ya wakati tu: *ali-soma, ana-soma, ata-soma*. Baada ya wiki mbili ataanza kuona "ali" na "wana" kama vipande vizima, asihesabu silabi tena. Darasa la Tatu ongeza *ha-, hawa-, -ki-* na *-ka-*.

Kidole kisikatazwe mapema. Akizidi maneno 40 kwa dakika kitamchelewesha; chini ya hapo kinamshikia mstari.

Dalili: anasoma kama redio, ukimuuliza hana jibu

Kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hayana mitego mingi, mtoto asiyekijua Kiswahili vizuri anaweza kukisoma kwa ufasaha. Sauti inatoka, maana haimo. Kwenye vijiji ambako watoto huzungumza Kisukuma, Kimaasai au Kigogo mpaka wanapoanza shule, hili ni la kutarajiwa.

Rudi kwenye kipimo cha kusomewa. Hakuelewa hata uliposoma wewe: ni lugha. Kabla ya kila aya chagua maneno matatu hadi matano, si zaidi, uyaonyeshe kwa kitu halisi, kitendo au mchoro, watoto wayatumie kwenye sentensi zao, ndipo wasome. Mruhusu ajibu kwa lugha ya nyumbani wakati wa kupima ufahamu. Huijui lugha hiyo? Mwenzake atafsiri, au mtoto achore au aigize alichosoma. Unapima kama ameelewa. Kiswahili cha kujibia kitafuata.

Alielewa uliposoma wewe, haelewi akisoma mwenyewe: nguvu zote zimeishia kwenye kutamka. Rudi kwenye dalili iliyotangulia.

Anaelewa maswali ya "nani" na "wapi", anashindwa "kwa nini": hajawahi kuulizwa. Kwenye hadithi ya Neema hakuna sentensi inayosema ndoo ilianguka kwa sababu ya mbwa. Lazima mtoto aunganishe mwenyewe, na kuunganisha hufundishwa kwa kuonyeshwa. Sema kwa sauti unavyofikiri: "Hapa wamesema alishtuka. Kabla yake kuna mbwa. Basi..." Kila hadithi iwe na angalau swali moja ambalo jibu lake halijaandikwa.

Dalili: hadithi anaweza, kitabu cha sayansi kinamshinda

Ni ya Darasa la Tatu na la Nne. Mtoto alijifunza kusoma hadithi. Sasa anatakiwa kusoma vichwa vya habari, majedwali, michoro yenye majina na maagizo. Somesheni kitabu cha sayansi ndani ya kipindi cha Kiswahili mara moja kwa wiki. Fundisha maneno ya maagizo: *taja* ni kuorodhesha, *eleza* ni sentensi kamili, *linganisha* kunahitaji vitu viwili. Watoto hupoteza alama kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne wakiwa na jibu kichwani, kwa kuwa walitaja walipotakiwa kueleza.

Darasa lina watoto mia. Haya yote yanawezekanaje?

Usipime wote siku moja. Watano kwa siku, kwa siku 20 za shule, ni mia moja. Kipindi cha dakika 30 kinaweza kugawika hivi: dakika 5 silabi za jana zilizochanganywa, dakika 8 silabi mpya, dakika 7 kuunda maneno kwa kadi au vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa makapeni, dakika 7 kusoma wawili wawili, dakika 3 imla ya maneno matatu. Dakika saba za wawili wawili ndizo za kuwaita watano wako wa siku kwa kipimo cha haraka; wale walioonyesha dalili nzito wapimwe kwa ukamilifu wakati wa mapumziko.

Mkuu wa shule akikubali, changanyeni Darasa la Kwanza hadi la Tatu nusu saa kila siku, mkiwagawa kwa ngazi: silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto wa Darasa la Tatu aliye kwenye silabi atakaa na wa Darasa la Kwanza kwa nusu saa hiyo. Ataona aibu siku mbili tatu. Kundi lisiitwe "wazito". Liitwe kwa jina la mnyama au tunda. Wapimwe upya kila baada ya wiki nne, na aliyevuka apande siku hiyohiyo.

Umefanya yote, wiki nane zimepita, hajasogea

Hakikisha kwanza wiki nane hizo alikuwapo, angalau siku nne kwa wiki. Kama alikuwapo, na macho na masikio ni mazima, na Kiswahili anakielewa akisomewa, basi anahitaji kuangaliwa na mtaalamu. Kupitia mwalimu mkuu, wasiliana na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Usiandike tu "mtoto hajui kusoma". Ambatisha karatasi mbili za kipimo, ya mwanzo na ya mwisho, zenye alichosema neno kwa neno, orodha ya ulichojaribu na kwa wiki ngapi, mahudhurio, lugha ya nyumbani, na mambo anayoyaweza vizuri, iwe ni kuhesabu, kuchora au kusimulia.

Wakati mnasubiri majibu, aendelee na ngazi aliyopo, dakika kumi kila siku, silabi tatu anazozijua na moja mpya.